Mama Kalizwa kwa "Ile Hela": Tumnyang'anye Simu?

Swali. Mimi ni binti wa pili, naishi Dar es Salaam. Mama yangu ana miaka 72, yuko Tukuyu pamoja na baba, mwalimu mstaafu. Mama anatumia kitochi, baba ana simu janja na haishi kwenye makundi ya WhatsApp. Wiki tatu zilizopita mama alipata ujumbe: "Mama simu yangu imeingia maji, ile hela nitumie kwenye namba hii ya fundi, jina litakuja lake." Ni kweli alikuwa na 380,000 za kunitumia, za mauzo ya ndizi na michango ya harusi ya mdogo wangu. Akatuma zote. Tangu siku hiyo hataki hata jambo hilo litajwe. Kaka zangu wanasema anyang'anywe simu, hela ziwe zinapitia kwa mjukuu. Moyo wangu unakataa, lakini sina la kuwajibu.

Jibu. Msimnyang'anye, dada. Mzee asiye na simu bado anahitaji hela iingie na itoke, na itapitia mikononi mwa mtu: mjukuu, jirani, kijana wa kwa wakala. Namba ya siri iliyokuwa ya mtu mmoja itakuwa ya watu watatu, na siku hela ikipungua hamtajua muanze kumuuliza nani. Kazi iliyopo ni kujua tapeli aliingilia wapi, kupaziba, kisha kuziba na matundu mengine ambayo kwenye simu za wazee huwa wazi. Tenga siku mbili ukiwa Tukuyu. Kwa kuelekezana kwenye simu haitafanyika vizuri, maana sehemu kubwa inamtaka mama abonyeze mwenyewe, nawe uko pembeni unatazama vidole vyake.

Kilichomkuta mama

Ujumbe wa "ile hela" haukuandikwa kwa ajili ya mama yako. Hutumwa kwa namba nyingi kwa mkupuo, na anayeutuma hajui nani ni nani. Ukiusoma vizuri utaona hautaji jina, hautaji kiasi, wala hausemi hela ni ya nini. Hauna haja. Karibu kila nyumba ina "ile hela" yake: kodi, ada, mchango, deni la mbolea. Asiyekuwa nayo anafuta ujumbe na kuendelea na shughuli zake. Aliyenayo ndiye anayeujazia mwenyewe kilichopungua. Mama alikuwa na hela mkononi, ilikuwa ya kwako, na alikuwa anangoja kuituma. Ujumbe ulimkuta kwenye siku yake. Mwambie hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyo, na kwa sababu mzee anayejiona mjinga ataficha la pili.

Mitego mingine ni ndugu ya huo: "mimi mwenye nyumba wako", "mwanao kaanguka shuleni", namba yako imeshinda, mganga kaoteshwa jina lako, karibu Freemason. Usijaribu kumkaririsha yote. Mwezi ujao kutakuwa na mpya, naye atabaki akiisubiri ile ya zamani.

Kuna jambo moja kwenye menyu ambalo lingemwokoa. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu huonyesha jina la anayepokea, hata kama hela inakwenda mtandao mwingine. Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana wanawahi kusema "jina litakuja lake": wanakuondolea mshtuko kabla haujaja. Basi mfundishe mama kinyume chake. Ujumbe ukishamwambia mapema jina litakalotokea, huo ni wa tapeli, aufunge hapo hapo. Hiyo ni alama moja, fupi, na mzee haisahau.

Kanuni moja ya nyumba

Kanuni yenyewe ni hii: kwenye nyumba yenu hela haitoki kwa ujumbe. Inatoka kwa sauti, na sauti hiyo ni ya mtu ambaye mama kampigia yeye, kwa namba iliyohifadhiwa kwa jina kwenye simu yake. Kupigiwa hakuhesabiki. Sauti nayo siku hizi huigizwa, na hata bila kuigizwa, mtu anayelia au kukohoa kwenye mtandao unaokatakata anaweza kuwa mtoto wa yeyote. Kwa hiyo mama akipigiwa kwa namba ngeni na mtu anasema ni wewe, anakata bila kubishana, halafu anakupigia.

Ili hilo lifanyike bila kutafuta miwani, panga vitufe. Kwenye vitochi vingi kuna sehemu ya upigaji wa haraka, ama kwenye mipangilio au ndani ya orodha ya majina. Weka 2 iwe wewe, 3 iwe kaka mkubwa, 4 iwe mtu wa hapo hapo Tukuyu ambaye mnamwamini. Kitufe cha 1 kiache, mara nyingi kimetengwa kwa ujumbe wa sauti. Mama atashikilia 2 kwa sekunde chache na simu itapiga. Usipopatikana, anashikilia 3. Wote wasipopatikana, hela inalala mpaka kesho. Hapa kuwa mkali kidogo, maana tapeli atakwambia simu imeingia maji ndiyo maana haipatikani, na kutopatikana kwako kutakuwa ushahidi wake.

Kwa ile ya ajali au ugonjwa, ambayo huwatetemesha wazee kuliko zote, swali ni: hospitali gani, wodi gani, nipe nesi. Mtu aliye kando ya mgonjwa analijibu. Anayetaka hela kwanza ndipo aseme walipo, hana mgonjwa.

Sasa na nyinyi watoto mna sehemu yenu. Fungua orodha ya majina kwenye kitochi cha mama. Ukikuta jina lako mara nne, lako la kawaida, lako "mpya", lako "airtel" na lako "ya kazini", ujue ni nyinyi mliomzoesha. Mtoto anayebadili laini kila ofa ikitoka anamfundisha mzazi kwamba mwanangu kunitafuta kwa namba ngeni ni jambo la kawaida. Futa zote, bakiza moja. Kisha mkubaliane kwamba namba ikibadilika kweli, taarifa italetwa na mwingine aliye kwenye kitufe cha 3 au cha 4, haitaletwa na namba mpya yenyewe.

Neno la siri la familia linasaidia, ila wazee wengi husahau au hulitaja wao kwanza: "wewe si ndiyo unasema lile neno letu la…?" Kilugha hufanya kazi vizuri zaidi. Mama amjibu anayepiga kwa Kinyakyusa na aendelee hivyo hivyo. Matapeli wengi watarudi kwenye Kiswahili au watakata. Haitoshi peke yake, kwani matapeli nao wana makwao, lakini inachelewesha, na tapeli hapendi kucheleweshwa.

Fanyeni zoezi kabla hujaondoka. Mwombe ruhusa mama, halafu siku ya pili mtu mwingine ampigie kwa namba ngeni na kumwomba hela kwa haraka. Lengo si kumkamata. Ni vidole vyake vizoee kukata na kushikilia 2. Ukifanya bila kumwambia utakuwa umemtapeli mara ya pili, na hilo litakumbukwa kwenye kila kikao cha ukoo.

Namba ya siri, na kwa wakala

Muulize mama, kwa upole, nani anaijua namba yake ya siri. Usishangae jibu likiwa "wakala, na mjukuu, na yule dada wa dukani". Wazee wengi wanafika kwa wakala, wanakabidhi simu na kusema namba kwa sauti watu wakiwa kwenye foleni. Mawakala wengi ni waaminifu, lakini namba iliyosikika imesikika, na akaunti ya simu siku hizi si salio tu. Mwenye namba ya siri anaweza hata kukopa kwa jina la mama kwenye huduma kama Songesha, na deni likabaki kwa mama.

Badilisheni namba hiyo siku ya kwanza, kwenye menyu ya mtandao wake: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Tafuta sehemu ya akaunti yangu, kisha kubadili namba ya siri. Asitumie mwaka wake wa kuzaliwa, wala wa kwako. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kuanzia mwaka. Kila aliyewahi kuandikiwa namba hiyo kwenye karatasi, na wako wengi, ameshapewa mwaka wa mama bila kuuliza.

Kwa mzee anayeona tabu kukariri tarakimu, tumia umbo. Mnachagua vitufe vinne vinavyochora kitu kwenye kibodi, anavifuata kwa kidole bila kufikiria namba. Epuka mistari iliyonyooka kama 2580, huonekana hata ukiwa mbali. Rudieni mara kumi jioni, mara kumi asubuhi. Akikosea mara kadhaa mfululizo akaunti hujifunga na itabidi mpige 100, namba ya huduma kwa wateja, kwa hiyo mazoezi yafanyike kwenye simu iliyozimwa.

Halafu nendeni kwa wakala pamoja. Mama mwenyewe apige menyu, achague kutoa pesa, aingize namba ya wakala iliyobandikwa ukutani, kiasi, na namba ya siri huku amekinga kwa kiganja. Simu isitoke mkononi mwake hata kama foleni inanung'unika. Mkifanya mara mbili mbele ya wakala yule yule, wakala naye atajua utaratibu umebadilika. Mweleze bila kumtuhumu: mama amelizwa, tunamfundisha ajitegemee. Wengi watakushukuru, na ndiye atakayemwuliza "mama, hela hii unamtumia nani?" siku wewe haupo.

Namba ya siri haina mtu wa kumpa. Mtandao hauiulizi, benki haiiulizi, polisi hawaiulizi. Kampuni zetu za simu humpigia mteja kwa namba 100 tu. Mtu anayejiita huduma kwa wateja huku namba yake inaanzia 07 au 06 ni tapeli, hata kama anajua jina lote la mama kwa ukamilifu. Jina huonekana kwa yeyote anayejaribu kumtumia hela, wala halina siri.

Punguzeni pia kinachoweza kuibwa. Kwenye simu ibaki hela ya wiki, tuseme 50,000. Zilizobaki ziwe benki, kwenye akaunti ambayo haikuunganishwa na laini hiyo hiyo. Ukiunganisha huduma ya benki kwa simu, kama SimBanking au NMB Mkononi, kwenye laini anayoitumia kwa wakala, aliyeipata laini kapata na benki. Watu hulifanya hili kwa urahisi wa kutuma, ila kwa mzee urahisi huo una bei.

Tapeli mwingine, mbali na wa "ile hela", ni wa "nimekosea kutuma". Ujumbe unaingia ukionekana kama wa mtandao, umepokea 150,000, na dakika hiyo hiyo mtu anapiga akilia: ni ya hospitali, nirudishie. Mara nyingi ujumbe huo umetoka kwenye namba ya kawaida, wala haukutoka kwenye jina la huduma, lakini mzee haangalii juu ya ujumbe. Mama asisome ujumbe, aangalie salio kwa menyu. Salio halijaongezeka, hakuna hela. Limeongezeka kweli, bado asirudishe kwa mkono wake. Jibu ni: pigia mtandao wako, wataivuta. Asiitoe wala kuitumia mpaka hapo.

Kidole

Hapa nitakaa kidogo, maana familia nyingi hulipita.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 2019, kidole ndicho sahihi ya laini. Vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka hamsini vimesagika, na mashine huvikataa mara mbili tatu. Kijana wa mwavuli, yule anayesajili laini barabarani, anasema "haijasoma mama, rudia", na mama anarudia. Mara nyingi ni kweli haijasoma. Mara nyingine ilisoma mara ya kwanza, na ya pili na ya tatu zimesajili laini nyingine kwa jina lake. Laini hiyo ndiyo itakayowatumia watu wengine ujumbe wa "ile hela". Siku polisi wakifuatilia, mwenye jina ni bibi wa Tukuyu.

Piga *106# kwenye simu ya mama na ufuate maelekezo. Utaona namba zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Fanya hivyo kwa baba pia. Ukikuta msiyoijua, nendeni na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, lile lenye kaunta, waifute. Msiende kwa kijana wa mwavuli, hata kama yuko karibu na mvua ya Tukuyu inawakimbiza. Kuanzia sasa kidole cha mzee kiwekwe dukani tu, na mbele ya mmoja wenu. Baada ya kila usajili, *106# ipigwe hapo hapo kabla ya kuondoka.

Tundu hili lina upande wa pili, wa kubadilishiwa laini. Tapeli anahamishia namba ya mama kwenye kadi yake. Dalili ni kwamba simu inapoteza mtandao ghafla wakati za majirani zinashika. Ikikaa hivyo nusu saa bila sababu, achukue simu ya mtu apige 100 na aombe akaunti ifungwe. Wazee hungoja hadi kesho wakidhani ni mnara.

Pia kuna wanaomwelekeza mzee abonyeze alama: anza na nyota nyota 21 nyota, andika namba hii, malizia na reli. Hapo simu zake zote zimeelekezwa kwa tapeli, na mtoto akipiga kuhakikisha anajibiwa na tapeli yule yule. Kanuni yetu ya kitufe cha 2 haiharibiki, kwa sababu kuelekeza simu kunagusa zinazoingia tu. Wewe ndiye utakayepotoshwa ukimpigia mama. Ukipiga ukasikia sauti ngeni, usieleze chochote, pigia namba ya jirani. Kuzifuta zote ni ##002# kisha kitufe cha kupiga. Ipigeni ukiwa hapo hata kama hakuna shaka, haina madhara.

Kuweka namba ya kufungulia laini yenyewe, ile inayoulizwa simu ikiwashwa, watu hushauri sana. Kwa mzee naona iwe mwisho. Akikosea mara tatu inadai PUK, namba ndefu ya kuifungua, iliyokuwa kwenye kadi kubwa iliyotupwa zamani, na mnabaki na simu bubu na safari ya mjini.

Baba na WhatsApp

Baba ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, ingawa hajaibiwa. Ana pensheni, ana intaneti, na kama walimu wengi anaamini kilichoandikwa vizuri.

Wastaafu wa serikali hutakiwa kujihakiki kwenye mfuko wa PSSSF, ulioanza mwaka 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa. Uhakiki ni jambo la kweli, ndiyo maana uongo unaufuata. Mtu anapiga, anajua kwamba baba alikuwa mwalimu, anasema faili lina tatizo au kuna mapunjo ya mafao yametoka, tuma 60,000 za kufungulia. Uhakiki haulipiwi, wala mafao hayatanguliziwi ada. Baba aende ofisi ya mfuko mwenyewe au apige namba iliyo kwenye barua zake za zamani, siyo ile aliyotumiwa leo.

Kwenye simu yake, fanya haya pamoja naye, mwache abonyeze. Ndani ya WhatsApp, mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili: weka tarakimu sita na barua pepe yako kama hana yake. Hii ndiyo inayozuia akaunti kuchukuliwa pale anapodanganywa kutaja ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa ujumbe, "samahani mwalimu, nimekosea kukutumia, nisomee". Hiyo si namba ya mtu mwingine hata siku moja. Kisha angalia vifaa vilivyounganishwa, ondoa kila asichokijua. Kwenye faragha, weka makundi kwamba anayeweza kumwongeza ni aliye kwenye anwani zake tu, na simu za wasiojulikana zinyamazishwe. Hatua hiyo ya makundi itapunguza nusu ya kelele.

Akaunti ikichukuliwa, sajili WhatsApp upya kwa namba yake. Tarakimu mpya zikiingia kwenye laini yake na akaziandika, mwizi anatolewa. Ikiwa mwizi aliwahi kuweka uthibitishaji wa hatua mbili usioujua, kutakuwa na kusubiri siku 7. Siku hizo mwizi naye hawezi kuitumia, lakini watangazieni ndugu mara moja.

Upande wa simu yenyewe: tafuta kwenye mipangilio ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, uizime kwa WhatsApp na kwa kivinjari. Programu huingia kupitia Play Store pekee. Faili linalokuja kwenye kundi likiishia na herufi apk, hata likiitwa kadi ya mwaliko wa harusi au fomu ya uhakiki, lisifunguliwe. Anayemwomba asakinishe AnyDesk au TeamViewer "tukusaidie" anaomba kushika simu yake akiwa mbali.

Mikopo ya mtandaoni ina mtego wa namna nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Programu za aina hiyo huomba kusoma majina yote kwenye simu, na mkopaji akichelewa, wanawatumia mchungaji, mkwe, na wanafunzi wake wa zamani ujumbe wa kumdhalilisha. Mzee hulipa deni la 40,000 mara tatu kwa kuogopa aibu.

Kwa uwekezaji wa kwenye makundi, ule wa kulipwa kila siku kwa kubofya au kuleta watu, usimhubirie. Mkumbushe DECI, ule upatu. Watu wa umri wake wanaijua: kupanda mbegu, kungoja kuvuna, foleni zile, mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009. Muulize tu, hela ya mavuno hapa inatoka kwenye kilimo gani? Mwalimu atamalizia mwenyewe.

Zile 380,000

Nisikufiche. Hela iliyotumwa wiki tatu zilizopita uwezekano wa kuirudisha ni mdogo sana. Mtandao unaweza kuzuia hela ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea, na matapeli hutoa ndani ya dakika. Ndiyo maana ikitokea tena mama apige 100 papo hapo, kabla ya kulia na kabla ya kumpigia tapeli kumsihi, awe na namba ya muamala iliyo mwanzoni mwa ujumbe.

Bado kuna ya kufanya. Ujumbe wa tapeli usifutwe. Utumeni kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli, bure, mtaulizwa namba iliyoutuma, nanyi mtaijibu. Hiyo haileti hela, inasaidia namba ifungiwe. Nendeni polisi na kitambulisho, ujumbe wa muamala na ule wa tapeli, mchukue RB, namba ya taarifa yenu kituoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu wa aina hii, na pasipo RB kampuni ya simu haina msingi wa kuwafuatilia walioipokea hela. Ikiwa zile za michango zina wenyewe, waambieni kamati sasa. Mama anaweza kuwa ananyamaza kwa sababu ya hao kuliko kwa sababu yako.

Na ukae ukijua kwamba namba iliyowahi kutuma hela huwa haiachwi. Wiki zijazo atapigiwa na "polisi wa mitandao", au "mwanasheria", au "mtandao wako", wakisema tapeli amekamatwa na hela imepatikana, tanguliza 25,000 za kuifungua. Watakuwa wanajua kiasi, siku, hata jina la fundi. Mama aseme, "Nyie iwekeni hapo hapo kituoni, binti yangu atakuja kuichukua na RB." Halafu akate, ashikilie 2.